Barua ya wazi kwa Mhandisi wa Jimbo la Colorado kuhusu mashimo ya kokoto

Mheshimiwa Mhandisi wa Jimbo,

YAH: MAJI YA KUFIDIA MTO SOUTH PLATTE (maji yanayorudishwa mtoni badala ya yale ambayo mashimo huuondolea)

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Ombi letu ni moja: shimo la kokoto lililofikia maji ya chini ya ardhi lisiendelee kupewa idhini ya mwaka mmoja mmoja bila mwenyewe kuonyesha maji ya kudumu atakayourudishia mto.

Sheria unaijua, kwa kuwa ofisi yako ndiyo inayosimamia ugawaji wa maji ya jimbo, lakini barua hii itasomwa na wengi. Colorado, aliyetangulia kuyatumia maji ndiye anayetangulia kupewa. Mwenye haki kongwe akipungukiwa hutoa wito, na wenye haki changa walio juu yake mtoni hufunga malango ya mifereji yao. Kokoto ya South Platte imelala ndani ya maji yale yale yanayoulisha mto. Mchimbaji akiiondoa, maji hubaki wazi juani. Mwaka 1988, katika kesi ya kampuni ya kokoto ya Zigan, Mahakama ya Juu ya Colorado iliamua kwamba shimo la namna hiyo ni kisima, hivyo lifuate sheria za visima. Mwaka uliofuata Bunge liliweka utaratibu wa kufidia, likasamehe maji yaliyokwisha kufunuliwa kabla ya 1981.

Chukua bwawa la ekari 20 lisilozungushiwa ukuta wa chini ya ardhi wa kulitenga na maji ya ardhini. Uvukizi wa inchi 42 kwa mwaka unaondoa futi-ekari 70 (futi-ekari moja ni maji yanayofunika ekari moja kwa kina cha futi moja), kama mita za ujazo 86,000, kabla ya kutoa mvua inayoruhusiwa kuhesabiwa. Kwa mgawanyo unaotumiwa na ofisi yako, Julai peke yake huchukua asilimia 15 na Januari asilimia 3. Mkulima aliyetoa wito Julai hafaidiki na maji yaliyoachiliwa Februari. Kuna pia maji yanayoondoka na malori: kokoto iliyooshwa huhesabiwa kubeba asilimia 4 ya uzito wake, hivyo tani 500,000 huondoka na karibu futi-ekari 15. Ongeza maji ya kumwagia vumbi barabarani.

Sehemu inayosahaulika mno huja baada ya kazi kwisha. Pampu zikiendelea kukausha shimo, maji yake hurudi mtoni na hesabu hulingana. Siku pampu zinapozimwa, shimo huanza kujaa, na kila futi linayojaa limeinyang'anya ardhi iliyolizunguka. Ekari 20 kwa kina cha futi 25 ni futi-ekari 500. Upungufu huo haufiki mtoni siku hiyo hiyo: kanuni ya Glover huukadiria kwa umbali hadi mtoni, wepesi wa mchanga kupitisha maji, na mahali tabaka la mchanga linapoishia. Mitambo ya kuoshea inaweza kuwa imekwisha kuhamishwa huku mto ukiendelea kupungukiwa. Mpango wa mwaka mmoja hauwezi kubeba deni la aina hii.

Ukuta huo wa udongo na bentonaiti, yaani mfinyanzi unaovimba ukilowa, ni dawa nzuri, ila si ya kuaminiwa kwa macho. Mtaro unaojengewa ukuta lazima uingie ndani ya mwamba mgumu. Ukiishia kwenye mwamba uliooza au wenye nyufa, maji hupita chini yake. Miongozo ya ofisi yako ya 1999 inataka jaribio la siku 90. Kipimo cha usanifu ni futi 0.03 kwa siku mara mzunguko wa ukuta mara kina, kujumlisha futi 0.0015 kwa siku mara eneo la sakafu. Uvujaji halisi usizidi mara 3 ya hapo. Kwa bwawa letu la mfano lenye ukuta wa mzunguko wa futi 3,700 na kina cha futi 30, kikomo ni karibu futi-ekari 0.32 kwa siku. Jaribio lisilo na mita kwenye pampu, kipimo cha mvua na usomaji wa kina cha maji lisikubaliwe. Na ukuta ukishakamilika huzuia maji yanayotembea chini ya ardhi: upande wa juu hupanda hadi vyumba vya chini vya majirani, upande wa chini visima hushuka. Michoro ya mifereji ya kupitishia maji hayo idaiwe pamoja na michoro ya ukuta.

Tunaomba pia ukali kwenye maji ya kufidia yenyewe. Hisa za mfereji wa umwagiliaji, ambazo mchimbaji huzitumia kufidia, hazifidii maji yote yaliyoingia shambani, bali yale tu yaliyonywewa na mazao. Yaliyokuwa yakirudi mtoni yaendelee kurudi, hata wakati wa baridi. Shamba lililosemwa limekaushwa ili maji yake yabaki mtoni likaguliwe. Alfalfa, majani ya malisho, ambayo haikuuawa huendelea kunywa maji ya chini kwa mizizi yake mirefu, na maji yaliyoandikwa kwenye mpango huwa hayapo. Maji yaachiliwe juu ya lango la mwenye wito, yakishapunguzwa upotevu wa njiani.

Idara inayosimamia urejeshaji wa machimbo inadai dhamana ya deni hili la maji. Basi ofisi zenu mbili zikae pamoja. Kabla ya idhini ya pili kutolewa, mchimbaji awe amewasilisha mpango wa kudumu kwenye Mahakama ya Maji, au mkataba wa ukuta, au gharama ya kufukia shimo iliyowekewa dhamana kwa bei za leo. Jedwali la upungufu unaochelewa, mwezi kwa mwezi hadi utakapokwisha, liambatishwe na liwekwe wazi kwa wenye mifereji.

Wako,
Wafanya hesabu za maji, bonde la South Platte