Kabla ya kununua beta wa mwitu, tuletee maji yako

Wateja wengi wa duka letu la samaki hapa Tanga hutujia na malalamiko yaleyale: beta wa mwitu (samaki mdogo wa tangini wa jamii ya Betta, wa asili ya porini) anakula, tangi ni safi, ila anabana mapezi na kujificha kutwa nzima. Swali letu la kwanza ni maji yametoka wapi. Mara nyingi jibu ni kisima.

Visima vingi vya pwani yetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, yaani jiwe la chokaa. Maji yake ni magumu. Sabuni haitoi povu la kutosha na birika hushika ukoko mweupe. Beta wa rangi mwenye mapezi marefu huyavumilia, kwa kuwa amefugwa vizazi na vizazi. Wa mwitu hategemeki hivyo, tena beta wa mwitu si samaki mmoja. Betta coccina hutoka kwenye vinamasi vya mboji vya Sumatra na Malaysia, maji yake meusi kama chai ya rangi na yenye asidi kali. Betta mahachaiensis, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2012, huishi Thailand kwenye maji ya chumvichumvi, hivyo ugumu wa maji haumsumbui sana. Muulize muuzaji jina kamili la samaki. Asipolijua, usinunue.

Sasa majani ya mti wa mkungu. Tunayapenda, na mji huu umejaliwa mikungu. Okota yaliyokauka na kuanguka yenyewe, mbali na barabara, uyasuuze na kuyatia tangini. Hutoa tanini, dutu yenye asidi kidogo, maji yakawa ya kahawia, samaki akatulia. Lakini kwenye maji ya kisima chokaa huimeza asidi ya majani yote: rangi inageuka, pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, inabaki palepale. Mtu akiona ile kahawia hudhani kazi imekwisha, na hapo ndipo samaki wengi hupotea.

Kwa hiyo anza na maji laini. Masika yakianza, acha mvua za mwanzo zioshe paa, ndipo ukinge kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko. Yachanganye na ya bomba yaliyolala wazi usiku kucha, kisha uyabadilishe tangini kidogokidogo, siku baada ya siku. Ukimhamisha samaki ghafla utamuua hata kama maji mapya ni mazuri.

Makombe na mawe uliyookota ufukweni Raskazone yatoe tangini. Kama una shaka na jiwe, lidondoshee siki. Likichemka vipovu ni chokaa, nayo itayafanya maji yawe magumu tena. Funika tangi pia, beta huruka, ila acha nafasi ya hewa juu kwa sababu huja kuvuta pumzi.

Kupima maji dukani kwetu ni bure. Leta chupa safi iliyojaa maji unayokusudia kutumia, na uilete kabla hujalipia samaki.