Futiboli ya Vyuo vya Marekani Ihame Peke Yake

Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa michezo kuhusu vyuo vikuu vya Marekani vinavyohama konferensi ilihitimisha kwamba yaliyotokea ni biashara ya kawaida, kwamba mkono mtupu haulambwi, na kwamba wanaolalamika wanaililia jana isiyorudi. Juu ya fedha sina ubishi na mwandishi. Ninachombishia ni swali aliloliruka, ambalo kwangu ndilo kiini cha jambo lote: kwa nini fedha za mchezo mmoja, yaani futiboli ya Kimarekani, zimeachwa ziburute michezo mingine yote ya chuo, ambayo haikuhusika na mikataba hiyo wala haikuulizwa?

Konferensi, kwa msomaji ambaye hajaizoea, ni muungano wa vyuo vinavyocheza vyenyewe kwa vyenyewe na kumpata bingwa wao kabla ya mashindano ya kitaifa. Kwa muda mrefu kilichoviunganisha vyuo hivyo kilikuwa ujirani. Ile iliyokuja kuitwa Pac-12 ilianzishwa mwaka 1915 mjini Portland, Oregon, na vyuo vinne tu vya pwani ya Pasifiki, ikakua polepole hadi kufikia vyuo 12 mwaka 2011. Kuvunjika kwake hakukuchukua hata miezi 15. Juni 30, 2022, USC na UCLA, vyote vya Los Angeles, vilitangaza kwamba vinakwenda Big Ten, konferensi iliyozaliwa mwaka 1896 katika majimbo yanayoizunguka Chicago. Julai 2023 Colorado ikaaga, na Agosti 4 vikaondoka vyuo vitano kwa siku moja: Oregon na Washington kwenda Big Ten, Arizona, Arizona State na Utah kwenda Big 12, konferensi nyingine. Mwanzoni mwa Septemba, Stanford na Chuo Kikuu cha California cha Berkeley vikapokewa na ACC, ambayo jina lake kamili ni Konferensi ya Pwani ya Atlantiki, ingawa mtu akiwa Stanford anafika Bahari ya Pasifiki kwa mwendo mfupi tu wa gari. (Hesabu nayo imetupwa: Big Ten sasa ina wanachama 18, na Big 12 ina 16.) Vilivyosalia vilikuwa viwili, Oregon State na Washington State. Havikusalia kwa uaminifu wao kwa konferensi, hakuna aliyeviita.

Mwandishi wenu alieleza kana kwamba soko hili limekuwapo siku zote, kumbe lilifunguliwa na hukumu ya mahakama. Hadi mwaka 1984, NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ndicho kilichoamua ni mechi ngapi za futiboli zionyeshwe kwenye televisheni na kila chuo kionekane mara ngapi. Vyuo vikuu vya Oklahoma na Georgia vilikishtaki, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikavipa ushindi kwa kura saba dhidi ya mbili. Mmoja wa majaji wawili waliopinga alikuwa Byron White, ambaye ujanani alikuwa nyota wa futiboli wa Chuo Kikuu cha Colorado, na nadhani aliujua mchezo huo kuliko wote aliokaa nao kusikiliza kesi ile. Tangu hapo konferensi zikawa wauzaji, na anayeuza mechi za miji mikubwa hulipwa zaidi ya anayeuza mechi za miji iliyozungukwa na mashamba ya ngano. Mkataba ambao Big Ten ilitia saini mwaka 2022 na televisheni za Fox, CBS na NBC ni wa miaka saba, na thamani yake inazidi dola bilioni 7. Oklahoma, ambayo ilikuwa miongoni mwa walioanzisha kesi, iliingia SEC, konferensi ya majimbo ya kusini, mwaka 2024 pamoja na Texas.

Sasa zimebaki konferensi mbili zinazotunishiana misuli. SEC inajivunia kutoa bingwa wa taifa wa futiboli mara saba mfululizo, kuanzia msimu wa 2006 hadi wa 2012, na mashabiki wake wana tabia ya ajabu ya kuliimba jina la konferensi hata anaposhinda mtani wao. Mwaka 2025 iliingiza timu 14 kati ya 16 katika mashindano ya taifa ya mpira wa kikapu ya wanaume, ambayo yote yalikuwa na timu 68. Big Ten ilijibu kwa ubingwa wa futiboli wa Michigan katika msimu wa 2023 na wa Ohio State katika msimu uliofuata. Sikatai kwamba uhasimu huu una ladha yake, lakini ni uhasimu wa maofisini. Unazungumzia idadi ya nafasi katika mchujo na mgawo wa mapato. Hauna mtaa, hauna shemeji wa upande wa pili anayekusubiri mezani akucheke.

Uhasimu wenye mtaa ndio uliotolewa kafara. Oklahoma na Oklahoma State, vyuo vya jimbo moja, vilikuwa vikikutana kila mwaka katika mechi iliyoitwa Bedlam. Novemba 4, 2023, Oklahoma State ilishinda 27 kwa 24 nyumbani kwake Stillwater, na watani hao wakaachana hapo. Texas na Texas A&M, waliokutana mara ya kwanza mwaka 1894, walinyimana mchezo tangu mwaka 2011, baada ya A&M kutangulia kwenda SEC, hadi walipojikuta tena katika konferensi moja mwaka 2024, ambapo Texas ilishinda 17 kwa 7. Mwandishi aliutumia mfano huo wa pili kuonyesha kwamba mambo hujirekebisha yenyewe. Misimu 12 ilipita bila mechi yao hata moja. Mwanafunzi aliyeingia chuoni mwaka 2012 angeweza kuhitimu shahada tatu kabla ya kuiona.

Hata hivyo, futiboli yenyewe ina nafuu. Timu ya futiboli hucheza mechi 12 za kawaida kwa msimu, moja kwa wiki, kwa kawaida Jumamosi, na nusu yake nyumbani. Kwa hiyo mchezo ulioleta safari hizi ndio unaosafiri mara chache kuliko karibu michezo yote. Wanaolipa ni wasichana wa voliboli, ambao katika Big Ten wana mechi 20 za konferensi, nyingine zikichezwa katikati ya wiki ya masomo, na wachezaji wa besiboli na softiboli, ambao hucheza mechi tatu kila mwisho wa wiki. Kutoka Los Angeles hadi Rutgers, chuo cha Big Ten kilicho New Jersey, ni karibu kilomita 4,000 na tofauti ya saa tatu. Mwanafunzi anayerudi kutoka huko usiku wa manane ana mtihani asubuhi, na mara nyingi hana sehemu katika bilioni zile isipokuwa ada yake ya masomo, nayo kwa wengi wao hulipwa kwa kiasi tu.

Wakimbiaji, nikiri, hawaumii kiasi hicho, kwa sababu hawachezi nyumbani na ugenini. Hukutana katika mashindano makubwa machache. Lakini wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kuikumbuka Washington State. Ndicho chuo cha Henry Rono, Mkenya ambaye mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Mbili za mwisho aliziweka Vienna na Oslo. Mbili za kwanza aliziweka Berkeley na Seattle, miji ya vyuo viwili vya konferensi yake mwenyewe. Chuo kilicho Pullman, mji mdogo wa jimbo la Washington, kilimpata mwanariadha bora kuliko wote duniani mwaka ule, na majirani zake wakubwa ndio waliokuwa wenyeji wake. Mpangilio wa namna hiyo ndio uliovunjwa, na haukuvunjwa kwa kosa lolote la riadha.

Ninachopendekeza si ndoto. Chuo Kikuu cha Notre Dame hakina konferensi katika futiboli, michezo yake mingi iko ACC, na timu yake ya hoki ya barafu inacheza Big Ten. Chuo Kikuu cha Connecticut kinacheza futiboli bila konferensi na mpira wa kikapu katika konferensi ya Big East. Katika polo ya majini ya wanaume, UCLA, USC, Stanford na Berkeley bado wanakutana katika shirikisho moja la magharibi, kwa sababu wanajua hakuna mantiki ya kuvuka bara zima kwa ajili ya mchezo huo. Chip Kelly, alipokuwa kocha wa futiboli wa UCLA, alisema waziwazi mwaka 2023 kwamba futiboli itengwe na michezo mingine ibaki na majirani. Alikuwa mtu wa futiboli, na chuo chake kilikuwa kinafungasha.

Nitajibiwa kwamba futiboli ndiyo inayoilisha michezo mingine, na kwamba ukiitenga, voliboli itakufa njaa. Hoja hiyo ina uzito, hasa tangu Juni 2025, mahakama ilipoidhinisha makubaliano yanayoruhusu kila chuo kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, kwa kikomo cha takriban dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Lakini kutenga ratiba si kutenga mfuko. Televisheni ilinunua Jumamosi za futiboli. Haikununua Jumatano za voliboli, na chuo kinaweza kupokea hundi ya Big Ten huku timu zake nyingine zikipanda basi kwenda kwa jirani. Kuhusu kugawana, California imekwisha kuonyesha njia: UCLA na Berkeley viko chini ya bodi moja ya umma, na bodi hiyo imeiagiza UCLA iilipe Berkeley dola milioni 10 kwa mwaka kwa sababu kuhama kwake kuliiumiza.

Mwisho, naomba masahihisho. Makala iliandika kwamba Pac-12 "ilikufa". Vyuo viwili vilivyoachwa vilikwenda mahakamani katika jimbo la Washington, vikapata udhibiti wa bodi na mali ya konferensi, na mwaka 2024 vikawakubali wanachama wapya, wakiwamo Boise State, San Diego State na Fresno State, kwa ajili ya kuingia Julai 2026. Vinne kati ya vyuo walivyovialika vilihamishwa kwa siku moja kutoka konferensi jirani ya Mountain West, ambayo nayo ilidai fidia, na kesi ikafunguliwa. Hilo lingestahili aya moja katika makala ile, kwani aliyeibiwa naye amejifunza kazi.

Msomaji wenu wa kurasa za michezo