Malalamiko kuhusu ankara ya kuzibua mshipa wa moyo

Kwa Meneja,
Idara ya Ankara.

YAH: MISIMBO YA 92920 NA 93458 KWENYE ANKARA YA BABA YANGU

Nawaandikia kwa niaba ya baba yangu. Idhini yake ya maandishi nimeiambatanisha pamoja na taarifa ya daktari.

Ankara yenu inamdai mara mbili kwa mshipa mmoja. Kwa misimbo, yaani namba za kutajia kila huduma kwenye ankara, kuna 92928-LD, kupachika stenti (kijibomba cha wavu cha kuuweka mshipa wazi), na chini yake 92920-LD, kupanua mshipa kwa puto. Herufi LD zinataja mshipa uleule, ule unaoshuka mbele upande wa kushoto wa moyo. Taarifa ya daktari haina mshipa mwingine: puto lilipitishwa palipoziba, kisha stenti ikawekwa papo hapo.

Kwa maelezo ya Chama cha Madaktari cha Marekani, ambao ndio wenye misimbo hiyo, 92928 tayari imebeba kazi ya puto kwenye mshipa huo. Msimbo wa 92920 ni wa mgonjwa aliyezibuliwa kwa puto bila stenti, na baba si huyo. Mhudumu wenu wa simu alinipa punguzo, eti kwa kuzingatia umri wake. Nashukuru, ila punguzo hupewa mtu mwenye deni. Naomba mstari wa 92920 ufutwe.

La pili ni 93458, picha za mishipa zilizopigwa kabla ya stenti siku hiyohiyo. Bima walikataa kuzilipa wakidhani ni sehemu ya kazi ya stenti, nanyi mkamhamishia baba gharama hiyo. Hapa siwalaumu bima. Baba hakuwa amewahi kupigwa picha hizo kwa katheta, ule mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mishipa, na daktari ameandika wazi kwamba aliamua kuweka stenti baada ya kuziona. Katika hali kama hiyo kipimo hudaiwa peke yake, mradi msimbo uandamane na kiambishi 59, alama ya kuonyesha kwamba ni huduma tofauti na nyingine ya siku hiyo. Nyinyi hamkukiweka. Sahihisheni madai, muyarudishe kwa bima kabla muda wa masahihisho haujapita.

Mpaka hayo yakamilike, sitisheni barua za kumtishia kwamba jina lake litapelekwa kwa wakusanya madeni. Ni mgonjwa wa moyo, na mnalijua hilo kuliko mtu yeyote, maana mmemtoza kwa hilo.

Nijibuni kwa maandishi, mkiambatanisha ankara mpya inayoonyesha kila msimbo na viambishi vyake. Kwenye simu kila mara napokewa na mtu mwingine, na inabidi nianze kueleza upya.

Wenu,
Mwana wa mgonjwa