Shukrani kwa fundi viatu wa chini ya jakaranda

Naomba nimshukuru hadharani fundi viatu mmoja wa hapa Arusha mjini. Jina hakutaka kunitajia. "Niite fundi, inatosha."

Jakaranda zikichanua, kuelekea mvua za vuli, mimi kusoma ndani siwezi. Mti huu uliotoka Amerika Kusini mara nyingi hupukutisha majani kabla ya kuchanua, hivyo mwanga unapita vizuri, na jua la asubuhi bado halichomi. Ua la zambarau linadondoka katikati ya ukurasa, unalipuliza, unaendelea. Honi za bodaboda utazizoea.

Jumamosi upepo ukavuma ghafla. Kitabu ni cha kuazima, kikuukuu, gundi ya mgongoni imekauka; karatasi zikachomoka na kukimbilia mtaroni. Fundi akaacha kiatu cha mteja, tukazifukuza wote. Kisha akaketi, akazipanga kwa namba za kurasa, akazigongagonga gotini mpaka zikalingana, akazitoboa kwa shazia na kuzishona kwa uzi uleule wa soli. Mwisho akapaka gundi, akakibana kitabu chini ya nyundo. Hata mteja, aliyenuna kidogo mwanzoni, alikuwa ameinama kutusaidia kuokota karatasi.

Nilipotoa hela, akausukuma mkono wangu. "Ukimaliza, njoo unisimulie kinaishaje, mwanangu."

Asante sana, mzee wangu. Nanyi wenzangu, mkiwa na viatu vilivyoachama, mpelekeeni kazi.