Damu haigeuzwi kwa chupa ya maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie makala ya afya mliyoichapa hivi karibuni, iliyodai kwamba maradhi karibu yote, kuanzia kisukari na shinikizo la damu hadi saratani, hutokana na mwili kujaa asidi, na kwamba tiba yake ni kunywa maji ya alkali (yaani kinyume cha asidi), kulamba magadi kwa kijiko na kuacha vyakula vilivyotajwa kuwa vya asidi. Nimefanya kazi katika maabara za hospitali mkoani Tanga kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na kwa hiyo suala la asidi katika damu silisomi kwa mbali. Nasikitika kusema kwamba makala ile ilichukua jambo la kweli, tena zito, ikaligeuza miguu juu kichwa chini: ilifanya dalili kuwa chanzo, na ikawaacha wagonjwa wenyewe bila la kuwasaidia.

La kweli ni kwamba mwili hauwezi kuishi bila mizani ya asidi na alkali. Damu ya mtu mwenye afya ina alkali kidogo. Kipimo chake cha pH hukaa kati ya 7.35 na 7.45. Kipimo hicho kilibuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen, mkemia wa Denmark aliyefanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, na msomaji anapaswa kufahamu kwamba kila namba inaposhuka kwa 1, asidi huongezeka mara 10. Ndiyo maana damu inaposhuka kutoka 7.4 hadi 7.1, tofauti ambayo machoni pa asiyezoea ni ndogo mno, asidi iliyomo imekwisha kuongezeka maradufu na mgonjwa huyo anahitaji daktari papo hapo. Damu ikishuka chini ya 6.8 au ikipanda juu ya 7.8, wanaopona ni wachache sana.

Kwa kuwa mpaka huo ni mwembamba kiasi hicho, mwili haukuuacha mikononi mwa chakula cha mchana. Kazi ya kuulinda wamepewa mapafu na figo, pamoja na bikaboneti, chumvi ya kuzima asidi iliyomo ndani ya damu yenyewe. Kila seli inapotumia sukari na mafuta huzalisha hewa ukaa, ambayo ikichanganyika na maji ya damu huwa asidi. Mapafu huitoa nje kwa kila pumzi, na kwa siku moja hutoa asidi ya namna hiyo zaidi ya mara 100 ya ile ambayo figo hulazimika kuitoa kwa mkojo kutokana na nyama, samaki, mayai na nafaka tunazokula. Asidi ikizidi kidogo, ubongo huhisi na kuamrisha pumzi ziongezeke ndani ya dakika chache. Figo huenda polepole zaidi, kwa saa na siku, zikimwaga asidi na kuirudishia damu bikaboneti iliyopungua. Mtu mwenye mapafu na figo nzima anaweza kula pilau ya nyama leo na mchicha kesho, na damu yake isitoke katika mpaka wake.

Sasa nije kwenye maji. Wauzaji hutembea na kichupa cha dawa ya rangi. Hudondosha matone katika glasi ya maji ya kawaida, yakageuka njano, kisha katika glasi ya maji yao, yakageuka bluu au zambarau, na watazamaji wakashangilia. Onyesho hilo si uongo kwa upande wa glasi, maana rangi inaeleza kwa haki hali ya maji yaliyomo. Tatizo huanza maji yanapomezwa. Tumbo lina asidi kali, ya pH kati ya 1.5 na 3.5, na hutoa takriban lita 2 za majimaji yake kila siku. Tuchukue maji ya pH 9, namba inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye lebo nyingi. Kama hayakutiwa bikaboneti au chumvi nyingine ya kuzima asidi, lita nzima ya maji hayo ina nguvu ya kuzima mililita 1 tu ya asidi ya tumbo yenye pH 2. Na kama yametiwa bikaboneti nyingi, ziada yake huishia katika pumzi na katika mkojo baada ya muda mfupi. Mama anayeuza maandazi asubuhi hadi jioni na kutoa sehemu ya faida yake kununua chupa hizo amenunua maji ya kunywa, basi.

Makala ile iliwashauri pia wasomaji wapime mkojo wao kila asubuhi kwa vipande vya karatasi, na wakiona asidi wajihesabu wagonjwa. Mkojo wa mtu mzima wa afya unaweza kuwa na pH kuanzia 4.5 hadi 8, kutegemea alichokula na saa aliyopima. Anayekunywa maji ya limau atauona mkojo wake ukielekea kwenye alkali, kwa sababu mwili huichoma sitrati ya limau na kubakiza bikaboneti, ambayo figo huimwaga. Karatasi ile imempa habari za figo zinazofanya kazi vizuri. Kuhusu damu yake haikumwambia neno.

Tena si kweli kwamba alkali ni heri na asidi ni shari. Asidi ya tumbo huua vijidudu vingi vinavyoingia na chakula na husaidia mwili kuyeyusha protini na kunyonya madini ya chuma. Na alkali ikizidi katika damu ni ugonjwa kamili. Aliyewahi kumshika mfiwa anayelia kwa pumzi za haraka mfululizo huenda aliona vidole vyake vikikakamaa na kupinda, huku mwenyewe akisema midomo inamchonyota na kichwa kinazunguka. Watu hukimbilia kusema amepandwa na mashetani. Kilichotokea ni kwamba amepumua hewa ukaa nyingi kupita kiasi, damu imeelekea kwenye alkali, kalsiamu iliyo huru katika damu imepungua, na mishipa ya fahamu imeanza kusisimka ovyo. Hutulia pumzi zinaporudi katika mwendo wake.

Lililonisukuma kuandika, hata hivyo, ni wagonjwa ambao damu yao kweli imekuwa na asidi. Wa kwanza ni mwenye kisukari aliyekosa insulini. Seli zake haziwezi kutumia sukari, ini linageukia mafuta na kutengeneza ketoni, nazo ni asidi. Mgonjwa hukojoa sana, hutapika, tumbo humuuma, kisha huanza kuvuta pumzi ndefu za kina, bila kukohoa wala kubanwa kifua, na pumzi yake hunukia kama tunda lililoiva kupita kiasi. Adolf Kussmaul, daktari wa Ujerumani, alieleza upumuaji huo mwaka 1874, karibu nusu karne kabla insulini haijapatikana, na tangu wakati huo umebeba jina lake. Mapafu ya mgonjwa huyo yanajaribu kutupa asidi kwa njia pekee yanayoijua. Anachohitaji ni insulini, maji ya mshipani na potasiamu inayopimwa mara kwa mara, hospitalini. Kijana wa namna hiyo akisoma gazetini kwamba kisukari chake kimeletwa na vyakula vya asidi, akaweka sindano kando ili ajaribu maji ya alkali kwa wiki moja, atakuwa ameitengeneza ndani ya damu yake asidi ileile aliyoambiwa aikimbie. Hilo ndilo linaloninyima usingizi juu ya makala ile.

Wa pili ni mtoto mwenye malaria kali. Watafiti wa Kilifi, Kenya, wakiongozwa na Kevin Marsh, walichapisha mwaka 1995 uchunguzi wa watoto 1,844 waliolazwa kwa malaria, wakaonyesha kwamba dalili mbili zinazoonekana kando ya kitanda, yaani kupungukiwa na fahamu na kupumua kwa shida, ndizo zilizowatambulisha wengi wa watoto waliokuwa katika hatari ya kufa. Nyuma ya pumzi zile nzito mara nyingi palikuwa na asidi ya laktiki iliyorundikana, kwa kuwa tishu za mwili zilikuwa hazipati damu na oksijeni ya kutosha. Muuguzi yeyote wa wodi ya watoto huku kwetu anaijua sura hiyo: kifua kinapanda na kushuka kwa nguvu, pua zinatanuka, na ukisikiliza mapafu huenda usikute dalili ya kichomi.

Ni hapa pia tunapojifunza kwa nini tiba haiwezi kukisiwa kutoka mezani. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba mtoto mwenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu atanusurika akimiminiwa maji mengi ya mshipani kwa haraka. Utafiti uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania, ukihusisha Hospitali Teule ya Muheza hapa mkoani kwetu, uliliweka wazo hilo katika kipimo kwa watoto zaidi ya 3,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011: katika saa 48, waliomiminiwa maji kwa haraka walifariki takriban 11 katika kila 100, na wasiomiminiwa walikuwa 7. Ikiwa madaktari waliobobea walikuwa na wazo lililoonekana la busara namna ile, na kipimo kikalikataa, kwa haki gani tunachapa wazo la magadi kwa kijiko ambalo halijawekwa katika kipimo chochote?

Wengine niwataje kwa ufupi. Mwenye kipindupindu hupoteza bikaboneti kwa kuharisha, na pakiti ya ORS, dawa ya unga inayochanganywa na maji kwa anayeharisha, ina sitrati kwa sababu hiyohiyo, ili mwili uitengeneze upya. Mwenye figo zilizochoka hushindwa kutoa asidi, na daktari wake huweza kumpa vidonge vya bikaboneti kwa kipimo, akifuatilia damu yake. Mgonjwa huyu wa figo akiambiwa na gazeti ale ndizi, parachichi na juisi ya mboga bila kikomo, potasiamu inaweza kupanda hadi moyo ukasimama.

Kuhusu saratani, wauzaji humtaja Otto Warburg na kudai kwamba alipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua kuwa saratani huletwa na asidi. Warburg alipewa tuzo mwaka 1931 kwa kazi yake juu ya kimeng'enya cha upumuaji wa seli. Ni kweli kwamba aliona seli za saratani zikitumia sukari kwa wingi na kuzalisha asidi ya laktiki. Yaani uvimbe ndio unaoitia asidi sehemu unapokaa. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Kanada walipitia maelfu ya machapisho wakitafuta ushahidi kwamba chakula au maji ya alkali huzuia au kutibu saratani, na wakabaki na utafiti mmoja tu uliokidhi vigezo vyao, nao haukuunga mkono dai hilo. Mwaka huohuo huko San Diego, Marekani, Robert O. Young, mtu aliyeieneza imani hii kuliko wengi na aliyekuwa akiwatia wagonjwa bikaboneti mishipani shambani kwake, alitiwa hatiani kwa kutibu watu bila leseni, na mwaka 2017 akahukumiwa kifungo cha miaka 3 na miezi 8. Walioacha matibabu ya hospitali kwa kumwamini hawakurudishiwa muda wao.

Magadi nayo yasichukuliwe kuwa hayana madhara kwa sababu tu bibi zetu waliyatumia. Chembe chache katika sufuria ya maharage au kisamvu ni jambo moja, na kijiko kila asubuhi ni jingine. Magadi ni chumvichumvi ya sodiamu, isiyomfaa mwenye shinikizo la damu, na magadi ya ukanda wa Bonde la Ufa mara nyingi hubeba floridi, madini yaleyale yaliyowatia watu wengi wa Arusha na Kilimanjaro meno ya kahawia.

Sipingi kula mboga. Mchicha, matembele, mapapai na maembe yana nyuzinyuzi na potasiamu, yanasaidia kushusha shinikizo la damu kwa mtu mwenye figo nzima, na ningependa kila nyumba iwe nayo mezani kila siku. Mwandishi angeishia hapo ningemshukuru.

Naliomba gazeti lako mambo mawili. Kwanza, makala za afya zisomwe na daktari au mfamasia mwenye usajili kabla ya kuchapwa, na pale mwandishi anapouza bidhaa anayoisifu, msomaji aambiwe kwamba analosoma ni tangazo. Pili, katika ukurasa uleule na kwa ukubwa uleule, chapeni taarifa kwamba mwenye kisukari asiache insulini kwa sababu yoyote bila kumwona daktari wake, na kwamba mgonjwa wa kisukari anayetapika na kuvuta pumzi ndefu za kina, au mtoto mwenye homa anayepumua kwa shida au kulegea fahamu, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Wako,
Mteknolojia wa maabara mstaafu,
Muheza, Tanga