Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani: Dawati la Jinsia Jumamosi usiku lina kufuli

Mheshimiwa Waziri, salamu kutoka Moshi. Shikamoo kama umenizidi umri, kama mimi ndo nimekuzidi basi marahaba.

Mimi ni fundi cherehani, nipo huku Pasua, nashona sare za shule na magauni ya kipaimara. Siyo mwanasheria wala mwanaharakati na hii barua naiandika kwenye simu usiku watoto wamelala, kwahiyo pale nitakaporuka ruka nivumilie tu.

Nyumba ninayokaa tuko wapangaji sita, vyumba vinaangaliana, yaani ukikohoa jirani anakwambia pole. Chumba cha nyuma anakaa dada mmoja ana watoto wawili, anauza ndizi na maparachichi. Mwaka jana mwezi wa nne, siku ya Jumamosi, mvua ya masika inapiga bati mpaka redio haisikiki, tukasikia mlango wake unagonga, unagonga, mimi nikajua ni upepo. Kumbe ni kichwa chake. Tulipoingia jicho la kushoto limeshaziba, mkono unaning'inia kama siyo wake, na mtoto mdogo yuko chini ya kitanda kakumbatia sufuria. Mwanaume kashatoka, kaenda kumalizia kinywaji chake.

Nikamfunga kanga tukapanda bodaboda mishikaki, saa tano usiku tuko kituo cha polisi. Kituo sikitaji. Nikikitaja mtamhamisha afande mmoja alafu mtasema tatizo limeisha, na mimi simtafuti mtu hapa.

Sasa kaunta unaijua Mheshimiwa, labda hujawahi kusimama upande wetu. Pale pale kuna kijana kaibiwa simu, kuna mlevi kalala kwenye benchi, kuna dereva bajaji anagombania leseni yake, na mama wa watu anaulizwa kwa sauti "Ulimfanya nini mpaka akupige?" Watu wote wakageuka. Dada akanyamaza, akaanza kupangusa matope kwenye kandambili yake, akapangusa weee mpaka ikang'aa. Mimi ndo nikajibu.

Nikauliza dawati la jinsia liko wapi, lile la polisi la kupokea kesi za ukatili kama hizi. Nikaonyeshwa mlango wa pembeni, umeandikwa vizuri kabisa DAWATI LA JINSIA NA WATOTO, na kufuli. Nikachungulia dirishani kwa tochi ya simu. Kuna viti vya kukalia vizuri, kuna pazia, kuna na mdoli wa watoto kakaa kwenye meza. Afande akasema njooni Jumatatu saa mbili asubuhi, wahusika watakuwepo.

Hiyo ndo sababu ya barua yote hii. Wanaume wetu hawapigi kwa ratiba ya ofisi, wanapiga Ijumaa mshahara umetoka, wanapiga Jumamosi baada ya mpira, wanapiga Krismasi watu wamerudi nyumbani kutoka Dar mbege zimejaa. Kama kuna saa ambayo hilo dawati linatakiwa liwe wazi ni usiku wa wikiendi, na ndo saa ambayo limefungwa. Wezi mnawapangia doria ya usiku kwasababu mnajua wanatoka saa ngapi, hawa wetu mnawapangia saa mbili asubuhi.

Kijana wangu yuko chuo kanitafutia takwimu, anasema utafiti wa taifa wa afya wa 2015/16 ulikuta wanawake 40 katika kila 100, wenye miaka 15 mpaka 49, wameshapigwa tangu wafikishe miaka 15, na ule wa 2022 wakawa 27. Najua wataalamu wako watakwambia hali inaboreka. Sawa, nafurahi, ila hata hao 27 wakifika Jumamosi watakuta kufuli lile lile.

Tulipewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo majeruhi hospitali, hilo nashukuru, ingawa ilibidi tusubiri kwanza fomu zilikuwa zimeisha, nikaambiwa nikatoe kopi nje, stationari gani iko wazi saa sita usiku? Ikapatikana moja kwenye droo, imekunjwa. Hospitali tukafika saa saba na nusu, nesi alikuwa mtu mzuri, ila swali la kwanza hata yeye ni "fomu mnayo?" Tumeshasikia mara ngapi majukwaani kwamba majeruhi atibiwe kwanza fomu itafuata, hilo agizo huku chini bado halijafika. Na fikiria ingekuwa binti kabakwa, ile dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inatakiwa ndani ya masaa 72 na kadri anavyochelewa ndo inavyopungua nguvu, Jumamosi usiku mpaka Jumatatu asubuhi umeshamlia masaa zaidi ya 30 kwa ajili ya ufunguo.

Jumatatu tukarudi. Na hapa niseme ukweli, afande wa dawati ni mama mmoja mstaarabu sana, alimkalisha dada kwenye kile kiti, akafunga mlango, akamuuliza kwanza kama amekula. Dada akatokwa machozi pale kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Huyo mama simu anapiga kwa vocha yake mwenyewe, gari hana, mafuta hana, na siku akipangiwa lindo au akienda likizo jalada linamsubiri kabatini. Sisi tukawa tunaangalia kwanza kama pikipiki yake ipo nje ndo tunaingia. Mheshimiwa, mtu mmoja mwenye roho nzuri ndo huduma nzima ya kituo?

Ila kwasababu gari hakuna, barua ya wito ilibidi dada ampelekee mume wake mwenyewe. Soma tena hiyo sentensi. Aliyevunjwa mkono anaibeba karatasi ya polisi kwa ule mkono uliobaki ampelekee aliyemvunja. Nikasema haiwezekani, nikampa mjumbe akapeleka.

Siku ya pili wakaja wazee wa upande wa mume, na jani la sale. Kwa wasiojua, huku kwetu Uchagani mtu akikuletea sale anaomba msamaha na kukataa ni jambo zito. Mimi sina ugomvi na sale, nimeshawahi kulipokea kwa mdogo wangu tulikuwa hatuongei miaka mitatu na mpaka leo tunapikiana. Kilichoniuma ni kwamba mzee mmoja alisema wametumwa, kwamba kule kituoni, siyo yule mama, ni mwingine, kawaambia haya ni mambo ya familia mkayamalize nyumbani. Msamaha ni wa dada, akitaka atoe, asitake asitoe. Polisi kazi yake siyo kugawa masale. Mwanasheria wa msaada wa bure alitusomea baadae Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, kinasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake kumwadhibu. 1971! Mimi nilikuwa sijazaliwa. Afande anayesema ni mambo ya familia hicho kifungu hajakisoma au kakisoma akacheka?

Alafu dhamana. Walimkamata Jumanne jioni, Jumatano saa nane mchana tunaanika nguo uani tukamuona huyo anashuka kwenye bodaboda getini, shati limenyooshwa. Hakuna aliyetupigia. Dada aliacha beseni akaingia ndani kwangu akajifungia na watoto, nguo zikalala kwenye beseni mpaka kesho yake. Najua dhamana ni haki yake, sibishani na sheria. Ninachoomba ni simu moja, "mama, tunamtoa leo saa nane", basi, hiyo inampa mtu mda wa kubeba watoto na vyeti vya kliniki akaenda kwa mtu. Namba yake iko kwenye jalada, nilimuona akiitaja tarakimu kwa tarakimu.

Na aende kwa nani, hilo nalo. Kwao ni Rombo, baba yake kasema mahari ilishaliwa. Nyumba salama ni chache na nyingi zinaendeshwa na mashirika kwa hela za wafadhili, wafadhili wakiondoka sijui itakuwaje. Kwa wiki tatu nyumba salama ilikuwa chumba changu, watu sita na cherehani, usiku tunaiinua juu ya meza ili mtu apate pa kulala. Siyo wizara yako najua, ni ya wenzako wa Maendeleo ya Jamii, lakini mnakutana kwenye kikao kimoja, muwaambie.

Kwahiyo naomba dawati liwe na zamu ya usiku, angalau Ijumaa mpaka Jumapili na sikukuu, hata afande mmoja tu mwenye ufunguo. Naomba wito upelekwe na polisi. Na hiyo simu ya dhamana. Mdoli na mapazia mnavyo tayari, hela kubwa ilishatumika hapo.

Dada sasa hivi kapanga chumba kingine, sisemi wapi. Kesi imeahirishwa mara nne, mara mbili kwasababu daktari aliyejaza ile PF3 kahamishiwa mkoa mwingine na hajaja. Namba ya RB, ile ya taarifa yake polisi, kaiandika nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto maana ndo karatasi pekee aliyotoka nayo usiku ule. Tarehe nyingine ni mwisho wa mwezi huu, nitafunga banda siku hiyo niende naye.

Fundi wa Pasua, Moshi