Begi lenye kitabu kimoja

Mwanangu,

Mdogo wako ameniambia umeshafunga begi, na kwamba humo ndani umetia kitabu kimoja tu, Sapiens cha Yuval Noah Harari. Akanihadithia pia ulivyombana mjomba wako, kila alichosema unamkata kwa "Harari ameandika". Kubishana na mjomba wako si kosa, naye mwenyewe hupenda ubishi. Kilichoninyima usingizi ni hicho kitabu kuwa kimoja.

Sina ugomvi nacho. Kuieleza historia ya binadamu wote katika juzuu moja, na watu wakasoma hadi mwisho, si kazi ndogo. Ila kitabu cha aina hiyo hakina nafasi ya kukuonyesha ushahidi wa kila jambo, inabidi umwamini mwandishi. Guns, Germs, and Steel cha Jared Diamond, cha 1997, ni hivyo hivyo: mimea, mifugo, maradhi na umbo la mabara vinaeleza kwa nini wengine walitangulia. Kinasomeka vizuri mno. Wanahistoria wengi wamekikosoa kwamba humo jiografia imemeza maamuzi ya watu. Huo ukosoaji umewahi kuutafuta, au uliishia kwenye jalada la nyuma?

Nakusihi uongeze cha pili. Chukua kile cha Carlo Ginzburg, The Cheese and the Worms, kilichotoka kwa Kiitaliano 1976. Kinamhusu msaga nafaka mmoja wa Friuli, kaskazini mwa Italia, jina la utani Menocchio, aliyesema dunia ilijiumba kama jibini linavyoganda kwenye maziwa, na malaika wakatokea humo kama funza. Mahakama ya Kanisa ilimshtaki mara mbili, mwishowe akauawa mwaka 1599. Mtu mmoja tu, tena asiye na cheo! Karibu yote tunayoyajua juu yake yamo katika kumbukumbu za waliomhoji, na Ginzburg anakuonyesha wapi karatasi zinasema na wapi yeye anakisia. Ukitoka hapo, rudi kwenye kitabu chako uangalie ni mara ngapi unaambiwa wakulima "waliamini" hili au lile. Jiulize amejuaje.

Walter Rodney umeshamsoma, tena ukampigia mistari kwa kalamu ya wino, kana kwamba kitabu ni chako. Hata hivyo nilifurahi. Wangapi wa rika lako wanasoma historia bila kusukumwa na mtihani? How Europe Underdeveloped Africa kilitoka 1972, mwenyewe akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1980 aliuawa kwa bomu Georgetown, kwao Guyana, akiwa na miaka 38. Lakini usimsome peke yake. Akiwa mwanafunzi London alikuwa akihudhuria darasa la C.L.R. James, kwa hiyo mfuate huyo mwalimu wake. The Black Jacobins, cha 1938, kinasimulia watumwa wa Saint-Domingue walivyoipindua koloni hiyo ya Wafaransa iliyokuja kuwa Haiti mwaka 1804. Humo wanyonge wanapanga, wanasalitiana, wanakosea hesabu, wanashinda. Toussaint, kiongozi wao, anasifiwa, kisha anahukumiwa na mwandishi yuleyule aliyemsifu. Nataka usome hicho kuliko vyote nilivyovitaja.

Na kama bado unaniona mshari, mtazame Eduardo Galeano, mwandishi wa Uruguay. Kitabu chake juu ya uporaji wa Amerika ya Kilatini, cha 1971, kilimpa jina duniani kote. Mwaka 2014 akasema hadharani kwamba alipokiandika hakuwa na elimu ya kutosha ya uchumi, na hana hamu ya kukisoma tena. Mwenye kitabu anakilegeza mkononi, wewe msomaji unakikumbatia!

Kuna kitabu kidogo cha Marc Bloch, mwanahistoria Mfaransa, juu ya kazi ya mwanahistoria. Alikiandika wakati wa vita, mbali na maktaba yake, na hakukimaliza, maana Wajerumani walimpiga risasi Juni 1944. Kinaanza na mtoto anayemuuliza babake historia ina faida gani. Wewe nawe uliniuliza hivyo, siku hizo nilikuwa na mambo mengi. Kisome. Thucydides, yule mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, mwache kwanza, majina yake ni mengi na safarini hutamvumilia.

Vitabu viwili, mwanangu, hata kama ni kwa kuacha jozi moja ya viatu. Vinavyopingana ndivyo vizuri zaidi.

Mchwa wameingia rafu ya chini, kwa hiyo vyote nimevipandisha juu ya kabati, utahitaji kiti. Mdogo wako ameanza kuhamishia nguo zake chumbani kwako, nimemwambia asubiri kwanza uondoke. Hicho cha James ni cha shangazi yako, naye amekidai mara nyingi hata naona haya kumpigia simu. Ukikimaliza mpe mtu wa kuaminika anayerudi huku. Usikipigie mistari. Na chaja ya mdogo wako iko kwako, anaitafuta tangu jana.

Mama yako